Programu ya Zamani ya Barua Pepe Baada ya Kubadili Mfumo Endeshi: Ipi Ulipie, Ipi Uipate Bure, Ipi Uiache

Outlook Express ilikuja pamoja na Windows XP, lakini haikuvuka kwenda Windows Vista. Windows Live Mail, ambayo wengi waliihamia walipofika Windows 7, iliachwa na Microsoft mwezi Januari 2017. Eudora, iliyoanzishwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois na baadaye kumilikiwa na Qualcomm, ilipata toleo lake la mwisho la kibiashara mwaka 2006. Hata programu ya barua iliyokuja na Windows 10 ilisitishwa mwishoni mwa 2024, na Windows 10 yenyewe ikakoma kupata matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayehamia mfumo mpya huku akiipenda programu yake ya zamani anapaswa kuchagua, na uchaguzi huo unastahili kufanywa kwa utulivu, kwa sababu kinachowekwa rehani ni barua za miaka mingi.

Chaguo lolote lipimwe kwa maswali matatu. Je, programu itafunguka kwenye mfumo mpya? Je, itazisoma barua zilizokwisha kuhifadhiwa? Na je, seva ya barua itaikubali? Wanunuzi wengi huishia kwenye swali la kwanza, ilhali la tatu ndilo linaloangusha programu nyingi za zamani. Programu inaweza kufunguka vizuri kabisa, ikaonyesha folda zote, kisha ikashindwa kuleta hata barua moja mpya.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni usimbaji wa mawasiliano, ambao hufanywa kwa kanuni iitwayo TLS: matoleo yake ya 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi kuwa yamepitwa na wakati mwezi Machi 2021, na seva nyingi sasa hudai toleo la 1.2 au jipya zaidi, ambalo programu za zamani sana kwa kawaida hazilijui. Ya pili ni namna ya kuingia. Tangu mwishoni mwa Mei 2022 Google haipokei tena nywila ya kawaida ya akaunti binafsi kutoka kwenye programu za aina hiyo, ingawa mwenye uthibitishaji wa hatua mbili anaweza kutengeneza nywila maalumu ya programu na kuitumia. Microsoft ilichukua hatua kama hiyo kwa akaunti za Outlook.com mwezi Septemba 2024. Kabla ya kutoa fedha, soma maelekezo ya mtoa huduma wako wa barua. Pengine yatakuondolea nusu ya machaguo kabla hujaanza kulinganisha.

Lipo jambo jingine la kufahamu kabla ya kugusa kitufe cha kusasisha mfumo. Kama akaunti yako ilitumia POP3, yaani njia ya kupakua barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta, na programu ikawa inafuta barua kwenye seva baada ya kuzileta, basi nakala pekee iliyopo duniani ni ile iliyo kwenye diski yako. Funga programu, nakili folda yake yote ya data kwenye diski ya nje, kisha uifungue nakala hiyo uhakikishe faili zimo. Outlook Express huweka kila folda katika faili moja ya .dbx, ndani ya folda iliyofichwa ya mtumiaji, na ndiyo maana watu hunakili nyaraka zao zote wakaziacha barua nyuma. Kama ulitumia IMAP, njia inayozisoma barua zikiwa bado kwenye seva, basi ziko hukohuko, na kazi yako ni nyepesi zaidi, isipokuwa kwa zile folda ulizozitengeneza ndani ya kompyuta tu.

Nafasi ya kwanza naipa njia ambayo wengi hawaifikirii: toleo jipya la programu ileile, pale ambapo mtengenezaji wake bado anaitunza. Pegasus Mail ya David Harris wa New Zealand imekuwapo tangu 1990 na bado ni ya bure. The Bat!, inayotengenezwa na Ritlabs ya Moldova, huuzwa kwa leseni. Mtumiaji wa programu hizi hana sababu ya kuhangaika na njia za mkato. Aulize tu kama leseni yake ya zamani inafika kwenye toleo jipya au inadai malipo ya kupandisha daraja, na kama toleo hilo linakubali namna mpya ya kuingia kwenye seva yake.

Nafasi ya pili ni ya ambaye programu yake imekufa, kama wa Eudora na Outlook Express: huyo nampeleka Thunderbird bila kusitasita. Ni ya bure, huendeshwa kwa michango, toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Sababu yangu kubwa lakini ni namna inavyohifadhi barua. Kwa kawaida hutumia mbox, yaani faili ya maandishi ambamo barua zimepangwa moja baada ya nyingine, na programu nyingi nyingine zinaweza kuisoma. Barua zilizowekwa hivyo hazifi pamoja na programu. Aliyezoea sura ya zamani anaweza kurudisha upau wa menyu na orodha ya barua yenye safu, akapata mpangilio unaokaribiana sana na ule aliouacha.

Kuhamisha kunadai uangalifu. Visanduku vya Eudora vinafanana na mbox, lakini Eudora ilikuwa ikitoa viambatisho kwenye barua na kuviweka katika folda tofauti, hivyo barua inaweza kufika salama huku picha iliyoambatana nayo ikibaki nyuma. Kwa Outlook Express, njia ninayoipendelea ni kuchagua barua zote za folda, kuziburuta hadi kwenye folda ya kawaida ya Windows ili kila moja iwe faili ya .eml, kisha kuziingiza Thunderbird kwa nyongeza iitwayo ImportExportTools NG. Kazi hiyo ifanywe kwenye mfumo wa zamani, wakati programu bado inafunguka.

Anayetaka bidhaa ya kulipia yenye kalenda na sura iliyokamilika aitazame eM Client, ambayo hutoa pia leseni ya bure yenye ukomo wa akaunti mbili kwa matumizi binafsi. Huhifadhi barua katika hifadhidata yake yenyewe, lakini inaweza kuzitoa kama .eml, na mlango huo wa kutokea ni sharti kwa programu yoyote utakayoilipia. Outlook mpya inayokuja na Windows 11 naiweka chini zaidi: huonyesha matangazo kwa asiyelipa, na akaunti za watoa huduma wengine hunakiliwa kwenye seva za Microsoft.

Nafasi ya tatu ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Kati ya programu za kuiunda, VirtualBox ni ya bure kwa matumizi binafsi, na VMware Workstation Pro imekuwa ya bure kwa wote tangu Novemba 2024. Utahitaji leseni halali ya Windows ya zamani. Mashine hiyo ikikatiwa mtandao ni chombo bora cha kusomea kumbukumbu za zamani. Ikiachwa iunganike na intaneti, umerudisha ndani mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena.

Kuiendesha programu ya zamani moja kwa moja kwenye Windows mpya, huku programu ndogo iitwayo stunnel ikisimama katikati kusimba mawasiliano kwa TLS ya kisasa, kunawezekana kwa Eudora na nyingine kadhaa. Hata hivyo stunnel haitatui tatizo la namna ya kuingia, na programu yenyewe bado hufungua barua za watu usiowajua bila kinga mpya. Kwenye Mac mlango umefungwa zaidi: toleo la Lion la 2011 liliziacha programu zilizoandikwa kwa vichakato vya zamani vya PowerPC, na toleo la Catalina la 2019 likaziacha zote za biti 32.

Mwisho kabisa ni tovuti zinazouza eti Outlook Express ya Windows 11, ziepuke. Programu za kubadilisha faili ni suala jingine, nazo huwa na msaada pale ambapo programu ya zamani haifunguki tena. Chagua ile inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila kupakia barua zako kwenye tovuti ya mtu, na uijaribu kwanza bila malipo kwenye folda yako ngumu kuliko zote: yenye viambatisho vingi, au ile iliyokaribia GB 2, ambacho ndicho kikomo cha faili ya .dbx na mahali ambapo faili hizo huharibika kwa urahisi.