Niliwatafuta magwiji wa Maple Leafs mjini Toronto: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: sanamu ni za bure na zinatosha nusu saa, makumbusho ya kulipia yanastahili nusu siku, lakini kilichonigusa kuliko vyote kiko sakafuni mwa supamaketi. Nasema haya nikiwa Mkenya ambaye kwangu magongo yalikuwa yale ya uwanjani City Park, hadi mpwa wangu aliyezaliwa huku Kanada akanivuta kwenye hoki ya barafuni. Yeye hulala na jezi ya buluu.

Toronto Maple Leafs ni klabu ya hoki ya mwaka 1917, jina hilo ikalipata 1927, na imetwaa Kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya Amerika Kaskazini (NHL), mara 13. Mara ya mwisho ilikuwa 1967. Kama umewahi kumsikiliza shabiki wa Gor Mahia akikusimulia kombe la Afrika la 1987 kana kwamba ni juzi, basi umeshamjua shabiki wa Leafs, ila huyu wa Toronto ana miaka ishirini zaidi ya kungoja. Klabu iliyokaa hivyo bila kombe lazima iishi kwa wazee wake, na Leafs wanawaenzi kwelikweli.

Tulianza nje ya Scotiabank Arena, uwanja wa sasa wa Leafs, karibu kabisa na stesheni ya Union, penye safu ya sanamu inayoitwa Legends Row. Ni benchi refu la itale, mita tisa hivi, lililojengwa kama lile wanalokaa wachezaji wakisubiri zamu, na juu yake wamepangwa watu wa shaba waliochongwa na Erik Blome. Wa kwanza kuwekwa, mwaka 2014, alikuwa nahodha wa zamani Ted Kennedy; kufikia 2017 walikuwa 14. Hakuna mlinzi wa kukufukuza, unawagusa, unapiga picha, unaondoka. Usiende siku ya mechi jioni, watu hujaa hadi huwaoni. Wakati wa baridi vaa glavu kabla hujaishika ile shaba.

Waliokuja na mimi walimkimbilia Tim Horton. Wahamiaji wengi huku tunakunywa kahawa ya Tim Hortons miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba Tim alikuwa mtu, beki mwenye nguvu za ajabu aliyetwaa makombe manne na Leafs (1962, 1963, 1964 na 1967), akafungua duka lake la donati mjini Hamilton mwaka 1964, kisha akafa kwa ajali ya gari Februari 1974. Nilimwambia mpwa wangu kwamba mwaka 2018 kampuni hiyohiyo iliwaleta Kanada vijana wa Kenya Ice Lions, timu iliyokuwa ikifanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na kwamba walipofika walijikuta wanacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. "Mjomba, unanidanganya," akasema. Ilibidi simu itoke mfukoni.

Sasa lalamiko langu. Kwa miaka mingi klabu hii ilikuwa na sheria ngumu: nambari ya jezi haistaafishwi, yaani haifungiwi isivaliwe tena, ila mchezaji awe ametenda makubwa na balaa likamkatizia mchezo akiwa bado Leaf. Wengine waliheshimiwa tu kwa bango, na vijana wakaendelea kuvaa nambari zao. Waliofikia kipimo hicho walikuwa wawili, Ace Bailey na Bill Barilko. Katika hao 14 wa shaba, hakuna hata mmoja wao.

Bailey alivaa 6. Desemba 1933 mjini Boston, Eddie Shore, beki wa Boston, alimwangusha kwa nyuma, kichwa kikapiga barafu na fuvu likapasuka. Alipona ila hakucheza tena. Februari 1934 wachezaji bora wa ligi walikusanywa Toronto wacheze na Leafs ili apatiwe fedha, na mbele ya umati Bailey akampa Shore mkono. Nambari yake ndiyo ya kwanza kustaafishwa katika ligi ya NHL. Lakini hadithi haikuishia hapo: mwaka 1968 Bailey mwenyewe alipendezwa na uchezaji wa Ron Ellis wa Leafs, akaomba kijana huyo aivae 6 yake. Mimi naona hakuna heshima iliyozidi hiyo, mwenye kitu kukitoa sandukuni na kumvisha anayekistahili.

Barilko, nambari 5, alifunga bao la muda wa ziada lililowapa Leafs kombe Aprili 1951. Agosti hiyohiyo akapanda ndege ndogo kwenda kuvua samaki kaskazini, asirudi. Alikuwa na miaka 24. Leafs hawakutwaa kombe tena hadi 1962, na mwaka huohuo, wiki chache baadaye, mabaki ya ndege yakaonekana msituni. Hadithi kama hiyo unaikosaje kwenye benchi lako?

Ukitaka kuwaona hao wawili, ingia ndani ya Scotiabank Arena, uinue macho kwenye mabango ya darini. Oktoba 2016, klabu ikiingia msimu wa miaka mia, sheria ya zamani ilifutwa na nambari zote zilizokuwa zikiheshimiwa zikastaafishwa kwa mkupuo, zikawa jumla 13 pamoja na zile mbili za awali, zikibeba majina 19. Aliyefurahiwa zaidi ni Dave Keon, 14, aliyekuwa amesusa klabu kwa miongo baada ya kugombana na mmiliki Harold Ballard, na ambaye alishikilia kwamba nambari ama istaafishwe ama iachwe. Tiketi ni ghali, sitaficha, na sisi tulipata viti vya juu kabisa karibu na paa. Faida yake ni moja: wachezaji wanaonekana kama sisimizi, ila mabango unayasoma vizuri kuliko matajiri waliokaa chini. Mpwa wangu alizihesabu nambari zilizofungiwa, akauliza watoto watakaokuja watavaa nini, mia moja na ngapi?

Bango lililonisimamisha ni la 21, Börje Salming. Msweden huyu alifika 1973, wakati watu wa Ulaya walikuwa wachache mno katika ligi na wapinzani waliwapiga makusudi wakidhani ni waoga. Alivumilia misimu kumi na sita. Novemba 2022, akiwa amedhoofishwa na ugonjwa wa neva unaoitwa ALS na sauti imeshakwenda, alirudi uwanjani kuagwa. Darryl Sittler, mchezaji mwenzake wa zamani, alisimama ubavuni akimshika mkono huku machozi yakimtoka. Usiku mmoja wa sherehe hizo, Leafs walianzisha mechi na Wasweden watupu, kipa kwa wachezaji watano. Salming alifariki chini ya wiki mbili baadaye.

Supamaketi niliyoitaja iko kona ya Carlton na Church, ndani ya jengo la Maple Leaf Gardens, uwanja wa Leafs kuanzia 1931 hadi 1999. Chini sasa ni duka la Loblaws, juu, chini ya kuba lilelile la zamani, chuo kikuu kimeweka barafu yake. Nenda kwenye njia ya 25 kati ya rafu za bidhaa, uangalie chini: kuna doa jekundu linaloonyesha palipokuwa katikati ya uwanja. Hapo walisimama Bailey, Barilko, Horton, Salming, wote. Tulikaa pale hadi mama mmoja mwenye toroli akatuomba tumpishe. Ukutani kuna jani kubwa la buluu lililoundwa kwa viti vya uwanja wa kale. Usipite bila kuliona.

Makumbusho ya Hockey Hall of Fame yako ndani ya benki ya mwaka 1885, kona ya Yonge na Front. Ni ya mchezo mzima, si ya Leafs pekee, kwa hiyo nilimtafuta pia Herb Carnegie, mtoto wa Toronto wa wazazi Wajamaika, aliyefungiwa mlango wa NHL kwa rangi yake na kuingizwa humu 2022, miaka kumi baada ya kifo chake. Watoto wana sehemu ya kupiga mashuti. Jitayarishe kusubiri foleni. Kombe lenyewe likiwepo unaruhusiwa kuligusa. Majina ya washindi yamechorwa kwenye pete tano. Ya chini ikijaa, ya juu hutolewa na kuhifadhiwa katika chumba cha hazina humohumo. Majina ya Leafs wa 1967 sasa yako kwenye pete ya juu, na zamu yake ya kutolewa itafika mapema miaka ya 2030. Leafs wasipotwaa kombe kabla ya hapo, hakutabaki jina la mchezaji wao hata mmoja kwenye pete hizo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku Bailey na Barilko wakikaa benchini.