Kujibu shambulio: Yu-Gi-Oh au Magic?

Wana wa Tanga mnaocheza kadi jioni pale Ngamiani, hili tulielewane maana mabishano yamezidi: kati ya michezo ya kadi ya Yu-Gi-Oh na Magic, upi una nafasi nzuri ya kujibu mwenzio akikushambulia? Yu-Gi-Oh mtu akitangaza shambulio hapo hapo ndo unafungua mtego (kadi uliyoilaza kifudifudi) kama Mirror Force, ukichelewa mkaingia hatua ya dameji, pale madhara yanapohesabiwa, basi tena, kadi nyingi haziruhusiwi, zinabaki za kubadili nguvu na chache nyingine. Magic nafasi ni nyingi, kabla washambuliaji hawajatajwa, wakishatajwa, hata baada ya kuzuia, ila kama unataka kuilaza kadi ya mwenzio (kuigeuza ubavu, yani tap) isishambulie wahi mapema, ikishatangazwa ukiilaza inapiga vile vile. Mi hapo nachagua Magic kabisa, yani hata mzuiaji wako (kadi uliyoiweka izuie shambulio) akiuawa kabla ya dameji yule mshambuliaji anahesabika kazuiwa, hakudhuru, labda awe na uwezo wa kukanyaga (trample), dameji ipite mzuiaji ikufikie wewe.