Kutafuta kumbukumbu za askari Mweusi wa 1944: tathmini ya huduma ya St. Louis

Ukiomba faili la Mmarekani Mweusi aliyetumikia Vita Kuu ya Pili, jiandae kujibiwa kwamba liliungua. Mara nyingi ni kweli. Moto wa Julai 12, 1973 katika Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi cha Marekani, St. Louis, uliteketeza takriban asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioacha jeshi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Nakala hazikuwapo. Huduma hii basi ipimwe kwa inachotoa baada ya jibu hilo, na hapo inastahili sifa.

Omba taarifa za asubuhi za kombania yake, yaani ripoti za kila siku za mabadiliko ya askari wake. Hizo zilinusurika. Taja namba ya kikosi, herufi ya kombania na mwezi. Ukiandika "alikuwa dereva Ufaransa" hawana pa kuanzia. Kombania nyingi za malori zilikuwa na namba zake zenyewe, bila herufi, kwa hiyo usiibuni. Tena, taarifa humtaja mtu pale tu hali yake inapobadilika: amewasili, ameugua, amepanda cheo, ameuawa. Miezi mitatu bila jina lake haina maana kwamba hakuwapo.

Namba ya kikosi imo kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, fomu 53-55. Wengi walikisajili kwenye mahakama ya kaunti, kwa hiyo anzia huko. Kosa linalopoteza watu ni hili: kikosi kilichoandikwa mara nyingi ni kile alichorudi nacho nyumbani, sicho alichotumikia vitani. Linganisha na tarehe za safari zilizo kwenye fomu hiyohiyo.

Ubaguzi wenyewe umeacha alama inayosaidia. Weusi waliwekwa katika vikosi vyao, vingi vya malori, bandari na uhandisi, na namba ya kikosi huonyesha hilo. Takriban robo tatu ya madereva wa Red Ball Express, msafara wa malori uliopelekea majeshi mahitaji yao Ufaransa, Agosti hadi Novemba 1944, walikuwa Weusi. Vita ilikwisha bila Mweusi hata mmoja jeshini kupewa kwa vita hiyo Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Marekani. Saba za kwanza kwa Weusi wa vita hiyo zilitolewa 1997. Ndiyo maana mstari mmoja wa taarifa ya asubuhi una thamani kubwa kwa familia.

Faili lililonusurika hufunguliwa kwa yeyote miaka 62 baada ya mhusika kuacha jeshi. Ada ni dola 25 hadi kurasa 5, na dola 70 zikizidi.