Pikapu ya kazi: ipi haitakumaliza kwa umeme na mafundi wa kompyuta

Mwaka 2019 nilinunua pikapu ya mtumba, dabo kabini, gia otomatiki, skrini pana katikati ya dashibodi, na viti vya ngozi ambavyo watoto walivipenda kuliko mimi. Aina yake sitaitaja, maana kosa halikuwa la aliyeitengeneza. Miezi minane baadaye nilipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, magunia saba tu, nikaanza kuupanda mlima wa Kitonga. Katikati ya kona taa ya cheki injini ikawaka, gari likakata nguvu, likagoma kuvuka mizunguko elfu mbili. Malori ya mizigo yakanipita yakinipigia honi. Kupitwa na lori Kitonga si jambo la kusimulia mbele ya watu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Iringa mjini fundi wa kwanza alibadilisha filta ya dizeli. Wa pili akasema ni sensa ya presha ya turbo. Tukaagiza Dar, ikaja na basi, ikafungwa, gari likabaki vilevile. Wa tatu akataka kushusha pampu. Siku ya tano akaja kijana na kompyuta yake, akachomeka waya chini ya usukani, akasoma kidogo, kisha akainama kwenye injini na tochi. Panya walikuwa wametafuna waya mmoja. Akauunga, akaufunga tepu, akadai elfu thelathini. Ile sensa niliyoinunua bure bado ipo kabatini.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue pikapu gani, sianzi na nguvu za farasi. Namuuliza: hili gari likigoma mwaka wa sita, kutoka kwako hadi kwa mtu anayeweza kuisoma kompyuta yake ni mwendo wa saa ngapi? Orodha iliyo hapa chini nimeipanga kwa swali hilo.

Pesa inapotelea wapi

Injini ya dizeli ya zamani ilikuwa na pampu ya chuma tupu, na nozeli zake, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zilifunguka kwa presha ya bar 150 hivi. Fundi alizipima mezani, akabadilisha ncha, ukaondoka. Injini za sasa, zile za komoni reli, zinasukuma dizeli kwa presha inayovuka bar 2,000, na kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Faida ipo: gari linakula mafuta kidogo, linavuta zaidi, halitoi moshi mweusi. Lakini nozeli ya aina hii haisamehe dizeli chafu. Tena kila moja huja na namba zake maalumu ambazo lazima ziingizwe kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Ukifunga nozeli mpya bila kuziingiza, injini inaweza kutetemeka au kunguruma vibaya, na utadhani umeuziwa feki.

Dizeli chafu si hadithi. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kulikithiri kiasi kwamba Kenya, mwaka 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe tena. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli. Ndani ya pampu ya presha kubwa yanasaga chuma kwa chuma.

Halafu kuna vile vitu vinavyoonekana vya anasa tu hadi vivunjike. Hilux za gharama za tangu 2020 zina kamera nyuma ya kioo cha mbele na rada nyuma ya nembo ya grili. Jiwe la barabara ya vumbi likipasua kioo, hununui kioo peke yake. Kamera inatakiwa ipangwe upya kwa mashine. Ukifunga bampa la chuma la kuzuia ng'ombe mbele ya rada, gari linaanza kulalamika. Taa za LED nazo ni kifurushi kimoja: ikiungua unanunua taa nzima, wakati balbu ya H4 unaipata hata duka la pikipiki.

1. Toyota Hilux 2.4, gia ya mkono, daraja la chini

Nazungumzia toleo lililoanza mwaka 2015, lenye injini ya 2GD, na hasa lile lenye rimu za chuma, taa za balbu za kawaida na redio ya vitufe. Sababu ya kuliweka la kwanza si ubora wake peke yake. Ukisimama Gerezani pale Kariakoo, Dar, penye maduka ya spea, ukataja 2GD, watu watano watakuitikia kabla hujamaliza sentensi, na mashine za kusoma Toyota zimefika hadi miji ya mikoani. Injini hii inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo gharama moja ya kila kilomita laki na kitu imeondoka.

Angalizo kubwa ni lilikotoka. Pikapu zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza au Australia zina chujio la moshi, DPF, ambalo nyingi za soko la Afrika hazina. Huko Australia kwenyewe, mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba magari 264,170 ya Hilux, Fortuner na Prado ya dizeli, yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, yalikuwa na kasoro katika mfumo huo wa DPF. Kama unatafuta mtumba, kaa mbali na zilizotoka huko miaka hiyo, au dai karatasi inayoonyesha kwamba mfumo ulirekebishwa. Hilux zilizouzwa Japani tangu 2017 nazo zina tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Jiulize kabla ya kulipa: wilayani kwako AdBlue inauzwa wapi?

Yenye injini ya 2.8 ni nzuri kuendesha, lakini kwa kawaida huja na vikorokoro vingi. Mtu wa shambani havihitaji.

2. Isuzu D-Max, ile ya kazi

Kama uko Kenya, ipandishe hii iwe ya kwanza. Isuzu East Africa inaunganisha magari Nairobi, spea zipo, na mafundi wa Kirinyaga Road wameijua familia hii ya injini tangu enzi za 4JA1. Injini ya lita 3.0 ya 4JJ1 ni ngumu kweli, na inaheshimiwa na watu wanaobeba mzigo kuliko wanaobeba picha. Kwa Tanzania naishusha nafasi moja kwa sababu moja tu: ukitoka Dar na Arusha, nozeli ya Isuzu unaisubiri, ya Toyota unaichagua.

Toleo jipya la mwishoni mwa 2019, zile za daraja la juu, lina kamera mbili kwenye kioo cha mbele. Yale niliyosema kuhusu kioo yanahusu hapa pia.

3. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ

Wengi wangeiweka ya kwanza, na sitabishana nao. Injini ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu ya chuma, leva ya kuingiza foo-wili inayoshikika mkononi, na hub za mbele, vifungio vya katikati ya magurudumu, unazizungusha mwenyewe ukiwa umepiga magoti kwenye tope. Umeme wake karibu wote fundi wa kijijini anaufuata kwa taa ya kupimia. Ndiyo maana mashirika ya misaada, hifadhi za wanyama na migodi hawaachani nayo.

Kilichoishusha ni bei na kiu. Mpya ni mali ya taasisi, na ya mtumba haishuki bei hata ikiwa imezeeka. Haina nguvu nyingi, farasi kama 130 tu kwa gari zito hivyo, na mlimani inakunywa. Mkanda wa taimingi inao, jambo ambalo watu husahau wakidhani chuma hiki hakihitaji kitu. Mimi ningeubadilisha kila kilomita laki moja. Usichanganye 1HZ na zile 79 zenye V8 au injini mpya ya 2.8 iliyokuja mwaka 2023. Sura ni ileile, lakini ndani hizo ni gari za kompyuta kama nyingine.

Kwa mtu anayeishi Katavi au Mpimbwe, mbali na kila fundi mwenye kompyuta, na fedha anazo, basi anunue hii na aache kusoma.

4. Wazee: Hilux ya injini ya 3L au 5L, na Nissan Hardbody za dizeli za zamani

Hapa hakuna kompyuta ya kukutesa. Kuna kutu. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chesi kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho. Ukisikia sauti ya mbao badala ya kengele, amka, jifute vumbi, aga. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo utanunua lililokwisha kutumika humohumo nchini. Tanzania linaingia, lakini umri unakuongezea kodi, na hesabu hiyo uifanye kabla hujaipenda picha ya mtandaoni.

Usidanganywe na Hilux ya Vigo, ya 2005 hadi 2015, ukadhani nayo ni ya kizee. Zile zenye nembo ya D-4D ni komoni reli kamili. Katika injini ya 1KD ya lita 3.0, pete (osha) za shaba za nozeli zikivuja, masizi yanashuka kwenye oili na kuziba chujio la chini, na injini inakufa kwa kukosa oili huku dipstiki ikionyesha imejaa.

5. Ford Ranger

Kuiendesha ni raha kuliko zote nilizotaja. Inaundwa Silverton, Pretoria, kwa hiyo si mgeni barani. Lakini tangu 2015 usukani wake una mota ya umeme, zipo zenye gia otomatiki ya spidi kumi, na toleo la 2022 lina skrini kubwa ambayo mambo mengi yanapitia humo. Ikiwa na waranti hai na wewe unaishi karibu na wakala, furahia. Waranti ikiisha, muuzie mtu anayekaa karibu na wakala.

Na Kirikuu je?

Nusu ya watu wanaoniuliza kuhusu pikapu wanabeba maji ya chupa, kuku na mikate. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na wenzake wa injini ya cc 660, imepangiwa mzigo wa kilo 350. Ukiiheshimu namba hiyo itakulisha. Ukiipakia tani moja, kama ninavyoona kila asubuhi pale sokoni, usimlaumu Mjapani.

Siku ya kwenda kukagua

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika; injini ya moto huficha mengi. Washa swichi tu, usipige starta. Taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameizima makusudi, na hapo usinunue hata ukipunguziwa.

Mlipe fundi mwenye mashine aje nawe. Asome makosa yaliyohifadhiwa, asiishie kwenye yaliyopo sasa, na alinganishe kilomita za dashibodi na zinazosomeka kwenye visanduku vingine, kama vya breki au gia, kwa magari yanayozihifadhi huko. Kwa dizeli ya komoni reli mwombe apime nozeli kwa vichupa: mipira midogo ya marejesho inaelekezwa kwenye chupa, moja kwa kila nozeli, injini inaachwa iungurume, kisha mnaangalia. Chupa moja ikijaa haraka kuliko wenzake, nozeli hiyo imechoka, nawe umepata hoja ya bei.

Inua zulia chini ya kiti cha dereva. Tope kavu kwenye skrubu za kiti maana yake gari limeogelea, na gari lililoogelea lina ugonjwa wa waya usioisha. Angalia pia tepu nyeusi isiyo ya kiwandani karibu na swichi; mara nyingi ni kazi ya mfungaji wa alamu au kifaa cha kufuatilia gari, aliyekata waya alipoona ni rahisi kwake.

Ukishanunua

Nunua kile kifaa kidogo cha kusoma makosa kinachoungana na simu kwa Bluetooth. Hakitatengeneza kitu, lakini fundi akisema "pampu" nawe unaona kosa la waya wa sensa, mazungumzo yanabadilika. Filta ya dizeli ibadilishe kila kilomita 10,000 hata kama kitabu kinasema zaidi, na mwaga maji yaliyotuama chini yake. Zuia kijana wa kuosha asipige maji ya presha kwenye injini.

Na siku utakayokwenda kuchomelea kerea au keji ya nyuma, kazi ambayo karibu kila mwenye pikapu huifanya wiki ya kwanza, toa nyaya zote mbili za betri kwanza na chomoa kontroli boksi. Mchomeleaji atakwambia haina haja, amechomelea magari mia. Wewe toa tu.