Tahadhari kwa mlioko Marekani: msitoe kadi ya benki kumtafuta ndugu aliye jela ya kaunti

Ndugu zangu, hasa mlioko Texas, nimepigwa. Si hela za kumfilisi mtu, lakini nimepigwa kizembe, na mtego walionitegea unaweza kumnasa yeyote mwenye mtoto, mume au mpangaji mwenzake anayeendesha gari usiku katika nchi hii.

Mwezi wa pili, Jumamosi saa nane usiku, dada yangu alinipigia akilia. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka 22, kasimamishwa na polisi hapa Houston. Leseni imekwisha muda, ana faini za nyuma hajalipa, kachukuliwa. Simu yake haipatikani. Dada alitaka kujua jambo moja tu: mtoto yuko wapi? Mimi ndiye mjomba anayeaminika kwa mambo ya mitandao, basi nikakaa kitandani, nikaandika jina la kaunti kwenye simu na maneno ya Kiingereza ya picha za waliokamatwa. Majibu yakaja kibao. Ya juu yote yalikuwa matangazo ya kulipiwa, na yameandikwa hivyo kwa herufi ndogo, ila saa nane usiku nani anasoma herufi ndogo?

Tovuti niliyoifungua ilikuwa na nyota kama beji ya sherifu na bendera pembeni. Nikaweka jina. Ukatokea mstari unaojaa polepole: tunapekua mahakama, tunapekua jela, tunapekua picha. Kisha onyo kwamba nitakachokiona kinaweza kunishtua, je, niko tayari? Niko tayari. Mstari ukaanza kujaa upya. Dakika kama saba hivi, mapigo ya moyo nayasikia masikioni, halafu: amepatikana, rekodi 3, picha zipo. Kuzifungua ni dola 1 tu.

Nikatoa kadi.

Ndani hamkuwa na kitu. Picha ilikuwa ya mzee mmoja wa Florida aliyefanana na mpwa wangu kwa jina la kwanza basi. "Rekodi" nyingine mbili zilikuwa anwani za nyumba ambazo dada aliwahi kupanga. Na ile dola 1 ilikuwa ya majaribio ya siku tano. Baada ya hapo wakawa wananikata dola 29.82 kila mwezi. Wameshakata mara nne, nimegundua wiki iliyopita nilipokuwa natafuta hela ya petroli imekwenda wapi.

Sasa sikilizeni. Jela ya kaunti kwa kawaida iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na orodha ya waliomo huangaliwa bure. Hapa Harris County, kaunti ya Houston, unamtafuta mtu kwenye tovuti ya sherifu kwa jina, au kwa SPN, namba ya utambulisho anayopewa na kaunti, ukiwa nayo. Hawakuombi kadi. Kaunti nyingine huweka na picha, nyingine haziweki picha, zinakupa jina, kosa na kiasi cha dhamana. Mwisho wa anwani usiwadanganye: si kila sherifu anatumia .gov, wapo wenye .org na hata .com, na matapeli nao wanajua kununua .org. Mimi siku hizi naanzia kwenye tovuti ya kaunti yenyewe, nafuata kiungo cha sherifu kutoka humo.

Na mtego wenyewe uko hapa. Usiku ule ule niliijaribu pia tovuti ya sherifu, ikaniambia hakuna mtu wa jina hilo. Ilikuwa inasema kweli. Mpwa wangu alikuwa bado yuko kwenye jengo la mapokezi linalotumiwa na Harris County pamoja na Jiji la Houston tangu 2019, akisubiri zamu ya alama za vidole, picha, maswali ya nesi. Hayo huchukua saa nyingi, na mpaka jina liingizwe kwenye orodha ya jela, kwenye mtandao hayupo. Kwa hiyo mkweli anakuambia hayupo, mwizi anakuambia yupo, tena ana rekodi tatu. Mama anayelia atamwamini nani? Wakijibu hayupo, subirini saa chache mjaribu tena, au pigeni simu jela kwa namba iliyo kwenye tovuti ya sherifu.

Majina yetu nayo yanawasaidia matapeli. Karani anaandika alivyosikia: Abdalla, Abdallah, Abdullah. Jina la babu linakuwa la ukoo, la ukoo linakuwa la katikati. Ndugu zetu Wakongomani waliokuja kwa ukimbizi wana tabu zaidi, wengi kwenye makaratasi wamezaliwa tarehe 1 Januari, hivyo hata tarehe ya kuzaliwa haimtenganishi mtu na mwingine. Jaribuni mpangilio wote wa majina kabla hamjakata tamaa. Tovuti za kulipia hazina ujuzi wowote wa ziada hapo. Zenyewe zinaokota chochote kinachokaribiana.

Jumapili jioni yakaja ya pili. Dada alipigiwa na mwanamume mwenye sauti ya upole, akajitaja kuwa afisa wa sherifu. Alijua jina kamili la mtoto, kosa lake, tarehe ya kuzaliwa. Akasema kijana anaweza kutoka usiku huo akivishwa bangili ya kufuatiliwa mguuni, ila bangili inalipiwa kwanza, dola 750, kwa Zelle, njia ya kutumiana hela kwa simu kutoka benki. Dada alikuwa ameshafungua programu ya benki. Kilichomwokoa ni salio, zilikuwemo 410. Yule bwana akapunguza bei, na hapo ndipo dada akashtuka: serikali tangu lini inapatana bei kama mitumba ya Kariakoo? Kila alichokijua yule tapeli kilikuwa wazi kwenye orodha ya jela asubuhi ile. Kumjua ndugu yako kwa undani hakumfanyi mtu kuwa askari. Sherifu hapigi simu kudai hela kwa Zelle, Cash App, kadi za zawadi wala mashine ya Bitcoin, na hela ikishatoka kwa njia hizo kuirudisha ni kazi ngumu sana. Kijana alitoka Jumatatu kwa ahadi ya kufika mahakamani. Hakulipa hata senti.

Yapo maumivu ya tatu ambayo hayajatufika, ila rafiki yangu wa Dallas yamemfika: kesi imefutwa, lakini picha yake ya jela imebaki kwenye tovuti moja, na kila anapoomba kazi inaibuka. Anaambiwa alipe dola 399 iondolewe. Asilipe! Texas ilipitisha sheria 2013 inayokataza biashara ya kuchapisha rekodi za jinai kudai malipo ya kuondoa au kusahihisha rekodi zenye makosa au zisizokamilika. Georgia nayo ilitunga yake mwaka huohuo, na California yake ikaanza kutumika 2015. Mwaka 2018 mwanasheria mkuu wa California aliwafungulia mashtaka watu wanne waliodaiwa kuendesha Mugshots.com, tovuti ya picha za waliokamatwa, kwa unyang'anyi, utakatishaji fedha na wizi wa utambulisho. Hati ilitaja zaidi ya watu 5,700 nchi nzima waliotozwa kwa miaka mitatu, jumla zaidi ya dola milioni 2. Na ukilipa tovuti moja, picha inaweza kuchomoza kwenye nyingine. Google wana fomu ya bure ya kuomba kurasa za tovuti zinazodai malipo kama hayo zitolewe kwenye majibu yao. Kesi ikifutwa, muulizeni wakili kuhusu kufutiwa rekodi yenyewe mahakamani, maana hapo ndipo mzizi ulipo.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Kiswahili chetu kinatenganisha mahabusu na mfungwa, na wengi waliomo jela za kaunti ni mahabusu, hawajahukumiwa kwa lolote. Tovuti hizi zinawaweka wote chini ya neno moja. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, ya serikali kuu kwa majimbo ya magharibi, iliona kwamba kaunti ya Maricopa, Arizona, kubandika mtandaoni picha za watu wasiohukumiwa kunaweza kuwa ni kuwaadhibu kabla ya hukumu. Texas haiko chini ya mahakama hiyo, lakini angalau kuna majaji wameliona.

Na jamani, tusiwasingizie Wazungu peke yao. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kuna mtu wetu, anaongea Kiswahili kitamu, anatoza dola 150 kumtafuta aliyeshikwa na uhamiaji. Anachokifanya ni kufungua kitafutio cha ICE, idara ya serikali inayokamata watu wa uhamiaji, ambacho ni bure kwa kila mtu. Kinahitaji namba ya A, yaani namba ya faili lake la uhamiaji, pamoja na nchi ya kuzaliwa. Ukikosa namba hiyo, tumieni jina na nchi. Jina lazima liwe herufi kwa herufi kama walivyoliandika wao. Mkongomani aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huenda kaandikwa Tanzania, huenda Kongo, jaribuni zote mbili. Walio chini ya miaka 18 hawaonekani humo. Aliye gereza la serikali kuu anatafutwa kwenye tovuti ya BOP, idara ya magereza hayo, nayo bure. Na majimbo mengi yana huduma ya VINE ya kukujulisha mtu akiachiwa, bure pia; ilianzia Kentucky baada ya Mary Byron kuuawa 1993 na mpenzi wake wa zamani, aliyetoka kwa dhamana bila binti kuambiwa.

Mliokwisha kutoa kadi kama mimi: piteni kwenye taarifa ya benki mwezi kwa mwezi, maana jina linalokata si lazima lifanane na jina la tovuti. Futeni usajili kwa maandishi, mhifadhi jibu, kisha pingeni makato benki na muombe kadi mpya. Ripotini kwa FTC, tume ya serikali kuu inayowalinda wateja, kwenye reportfraud.ftc.gov, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Msidhani hawasikii: 2023 FTC waliwabana TruthFinder na Instant Checkmate, tovuti za kupekua historia za watu, wakalipa dola milioni 5.8, na moja ya tuhuma ilikuwa kuwashtua watu kwamba fulani ana rekodi ya jinai, kumbe ni tiketi ya barabarani.

Benki yangu imerudisha makato mawili, mawili bado nayadai. Wenye ile tovuti hawajaacha kuniandikia. Juzi wamenitumia barua pepe yenye maandishi mekundu: kuna rekodi mpya imepatikana, safari hii ya dada yangu, ambaye hata gari hana.