Tahadhari: mashine ya kukata nyasi "iliyotumika mara tatu tu"

Habari zenu ndugu. Kama kuna mtu hapa anatafuta mashine ya kukata nyasi ya bei nafuu kwa ajili ya uani, hasa iliyotumika, asome hii kabla hajatoa hela. Mimi nimeshalizwa, na kiganja cha mkono wa kulia bado kina ganzi kwa ule mtetemo.

Ua wangu si mkubwa, kama hatua ishirini kwa thelathini, na miaka yote nilikuwa nafyeka kwa mkono. Mgongo ulipoanza kulalamika nikasema basi, natafuta mashine. Mpya zilinishinda bei. Nikaingia kwenye matangazo ya vitu vilivyotumika, na humo ndimo nilipokutana na huyu bwana. Simtaji jina, maana hata hilo alilonipa sidhani kama ni lake.

Tangazo lilisema: "Inauzwa haraka, mwenyewe anahama. Imetumika mara tatu tu. Wahi." Picha tatu, mashine nyekundu inang'aa, zote zimepigwa kutoka juu. Hilo la juu lilinipita kabisa. Bei ilikuwa kama nusu ya mpya. Tapeli mjinga huweka bei ya kutupa na watu wakashtuka. Huyu aliweka bei ambayo ukiitazama unajiona wewe ndiye mjanja.

Tulipatana niende saa nne asubuhi. Nilifika mapema kidogo nikakuta ndiyo kwanza anaizima. "Karibu bosi, nilikuwa naipasha moto kidogo usije ukahangaika." Nikaona mtu mstaarabu. Akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Iliunguruma kama dakika moja hivi juu ya sakafu ya saruji, hakuna hata jani moja la kukata, akazima.

Nikainama niitazame chini. Akanishika bega haraka: "Hapana bosi, usiilaze, oili itaingia kwenye kabureta, utaniharibia mali." Na hapa ndipo aliponiweza, kwa sababu alichosema kina ukweli ndani yake. Ukiilaza ovyo, upande wa kabureta na chujio la hewa ukawa chini, oili inaweza kweli kuingia kwenye chujio. Lakini ukiilaza upande huo ukiwa juu, hakuna kinachoharibika. Kila fundi anaosha mashine hizi na kunoa visu vyake kwa kuzilaza hivyo hivyo. Sikujua. Nikamwomba radhi! Yaani mimi ndiye niliyemwomba radhi yeye.

Kitu kingine ambacho kingetosha kunirudisha nyumbani: ule wenzo ulio juu ya mpini, ambao unaubana kwa mkono ili injini iendelee kufanya kazi, ulikuwa umefungwa kwa waya. Akaniambia amenirahisishia ili mkono usichoke. Wenzo huo haukuwekwa kwa ajili ya kuchosha watu. Ukiteleza au ukianguka, mkono unauachia, na kisu kinasimama. Marekani tangu mwaka 1982 sheria inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuuachia. Ukiufunga kwa waya, ukianguka mguu wako uko karibu na kisu ambacho hakina habari kwamba umeanguka.

Nikalipa taslimu, nikapakia, nikaondoka nikipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi, nilivuta kamba mpaka bega likauma. Ilipokubali kuwaka ilitoa moshi wa bluu mzito, jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna kinachoungua. Nikaanza kusukuma. Mpini ulitetemeka kiasi kwamba nilikuwa naona vidole vyangu viwili viwili. Nyasi zilikatwa kwa ngazi, upande mmoja zimenyolewa hadi udongo, upande wa pili zimesimama. Bolti moja ya mpini ikadondoka ikapotelea kwenye majani. Haikufika dakika kumi ikazima, na haijawaka tena.

Nikaipeleka kwa fundi wangu wa pikipiki. Kwanza alichomoa kofia ya plagi injini isije ikawaka, hata kabla ya kunisalimia vizuri, kisha akailaza, chujio la hewa juu. Akatazama, akacheka kidogo, akaniita: "Njoo uone." Chini ya bakuli la chuma linalofunika kisu, rangi nyekundu ilikuwa imepakwa juu ya kutu, juu ya vichwa vya bolti, na juu ya unyasi mmoja mkavu uliokuwa umenasa pembeni. Unyasi mzima, na vishipa vyake vinaonekana, umegandia pale mwekundu kama umechorwa. Mashine ya kutumika mara tatu tu.

Kisu chenyewe kilikuwa na mshono wa kuchomelea katikati, kama kovu. Fundi akachukua kijiti akakiegesha ukingoni ili kigusane na ncha moja ya kisu, kisha akazungusha kwa mkono. Ncha ya pili ilipita juu ya kijiti, ikaacha nafasi ya upana wa kidole. Akafungua kisu, akavuta kamba taratibu, akaniambia nitazame ncha ya shafti, ule mhimili wa injini unaozungusha kisu. Iliyo nzima inazunguka pale pale kama nukta. Ya kwangu ilikuwa inachora duara. Halafu akachomoa kijiti cha oili. Mashine nyingi za aina hii hutumia SAE 30 au 10W-30, oili inayodondoka vizuri. Iliyokuwamo mle ilining'inia kwenye kijiti kama asali. Ndiyo iliyoficha moshi siku ile.

"Hii iligonga kisiki," akasema. "Shafti ikapinda, kisu kikavunjika, wakachomelea, wakatia oili nzito, wakapaka rangi. Kazi ya siku moja." Kubadilisha shafti maana yake ni kufungua injini yote, na gharama yake inakaribia kununua injini nyingine. Kwa hiyo nina chuma chakavu kizuri chenye rangi mpya.

Mtu anaweza kusema ni hela tu imepotea. Hapana. Chukueni kisu cha sentimita 50 kikizunguka mara 3000 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa mashine hizi: ncha yake inakimbia karibu mita 78 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Sasa kisu hicho kiwe kimechomelewa na mtu anayetaka kukuuzia haraka. Kisu kilichovunjika au kupasuka hakichomelewi, kinatupwa. Kile kipande kingetoka, kingetoka upande gani? Watoto huwa wanacheza pale ukutani.

Kwa hiyo, ukienda kuangalia mashine iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono karibu na bomba la moshi (karibu, usiguse). Kama ni ya moto, sema utarudi jioni ikishapoa. Ajabu ni jinsi sentensi hiyo moja inavyowakimbiza. Ikiwa baridi, vuta kamba polepole: mahali fulani lazima uhisi mkono unazuiwa kidogo kisha unaachiwa. Ikija laini tu kama unavuta uzi, pistoni na ringi zimechoka au vali hazifungi. Baada ya hapo chomoa kofia ya plagi, ilaze chujio juu, utazame chini kwa tochi ya simu. Rangi mpya upande wa chini ni mbaya kuliko kutu, kwa sababu mashine inayofanya kazi huwa na mikwaruzo na uchafu wa kijani uliokauka. Hakuna anayepaka rangi mahali pasipoonekana bila sababu. Zungusha kisu kwa mkono kama fundi wangu alivyofanya. Kijiti hakigharimu kitu.

Na omba kukatia nyasi za kweli, hata mita tano. Kwenye saruji kila mashine ni nzima.

Baada ya kusimulia mkasa huu kwa watu nimekuta kila mmoja ana wake. Mmoja alinunua ya betri mtandaoni, picha ina mashine, betri na chaja. Kilichofika ni mashine tupu. Kuangalia tena maelezo, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi palikuwa na neno kwamba betri inauzwa peke yake. Kisheria hakuibiwa, lakini niambieni kama hajaibiwa. Betri mara nyingi ndiyo sehemu ghali. Kwenye hizo za betri pia msitishwe na volti kubwa: inayoandikwa 40 mara nyingi ni ile ile ya 36, wamehesabu betri ikiwa imejaa pomoni. Zidisha volti kwa saa za ampea (Ah) ndipo upate kipimo cha nguvu iliyohifadhiwa. Betri ya volti 36 na Ah 4 ina wati-saa 144, na ya volti 36 na Ah 2 ina nusu yake hata kama boksi ni kubwa zaidi.

Nguvu za farasi nazo msiziamini sana. Marekani wanunuzi walifungua kesi dhidi ya watengenezaji kadhaa wakubwa kwamba namba za nguvu zilizoandikwa kwenye mashine za nyasi zilitiwa chumvi, na mwaka 2010 mahakama ikaidhinisha fidia ya dola milioni 65. Kama viwanda vyenyewe vilifikishwa huko, sembuse dalali aliyebandika stika yake mwenyewe. Ulizeni ujazo wa injini kwa cc (sentimita za ujazo) na upana wa kisu, vitu ambavyo vinaweza kupimwa.

Wale wanaotaka mtume pesa ya "kushikilia mzigo" kabla hamjauona siwazungumzii sana, mnawajua. Chukua picha ya tangazo lao uitafute mtandaoni, mara nyingi utaikuta kwa wauzaji wengine watano.

Kwa waliofanikiwa kupata mpya, neno moja, maana mdogo wangu aliumia hapo: nyingi hufika zikiwa hazina oili kabisa kwenye injini. Imeandikwa kwenye kijitabu, lakini nani anasoma kijitabu. Ukiitia petroli ukaiwasha hivyo hivyo, injini mpya inakufa siku ile ile, na udhamini mara nyingi hausaidii.

Na kama ua wako ni mdogo na tambarare, fikirieni ile ya kusukuma kwa mkono yenye visu vya mviringo, isiyo na injini. Umbo lake ni la zamani, Edwin Budding alilipatia hataza Uingereza mwaka 1830, na mpaka leo linafanya kazi. Haipendi nyasi ndefu, ukichelewa wiki tatu itakugomea. Lakini haina kabureta ya kuziba, haina shafti ya injini ya kupinda, na muuzaji hana cha kukuficha: visu viko wazi, unavizungusha kwa kidole, unakata navyo karatasi pale pale. Ningenunua hiyo ningebakiwa na hela na mkono wangu.

Nilimpigia yule bwana. Mara ya kwanza alipokea, akasema, "Kaka, ulipoichukua si ilikuwa inawaka?" Hapo sikuwa na jibu, kweli ilikuwa inawaka. Mara ya pili simu haikupatikana. Sina risiti, sina maandishi, nilichonacho ni picha za tangazo nilizohifadhi kwa bahati. Waliouziwa namna hii na wana ushahidi wa malipo, ripotini kwa wenye ule mtandao wa matangazo na polisi, msikae kimya kwa aibu kama nilivyokaa mimi wiki nzima.

Jana usiku nilipitia tena yale matangazo. Kuna mashine ya kijani, inang'aa, picha tatu, zote kutoka juu. Sakafu ya saruji ni ile ile, na ule ufa wake karibu na mlango ni ule ule. Mwenyewe anahama. Imetumika mara tatu tu.