Kutuma rikwesti za HTTPS kwa VB6: WinHttpRequest bado inapiga kazi

Kuna duka la spea ninalolihudumia, programu yao ya mauzo ni ya Visual Basic 6, ile ya 1998 ambayo Microsoft waliacha kuisapoti IDE yake (programu ya kuandikia kodi) 2008, na mwenye duka hataki hata kusikia habari ya kuandika upya maana risiti zinatoka. Sasa akataka wanaokopa wapate SMS ya deni, na huduma ya SMS inapokea kwa API tu (mlango wa programu kuongea na programu), HTTPS (mawasiliano ya wavuti yaliyofichwa kwa usimbaji) na JSON (data iliyoandikwa kama maandishi ya jina na thamani).

VB6 yenyewe HTTPS haijui, unaazima ya Windows. Ile kontroo ya zamani ya Inet, ya VB6 ya kuongea na intaneti, iache hukohuko, kila mashine lazima ubebe MSINET.OCX uisajili. MSXML2.XMLHTTP, objekti nyingine ya Windows ya kutuma rikwesti, nayo nimeitumia, nyepesi, ila inapita njia moja na Internet Explorer kwa hiyo ukifanya GET unaweza kupewa jibu lililotunzwa kwenye kashe, yani unaangalia salio la SMS kumbe ni la asubuhi. Nikahamia WinHttp.WinHttpRequest.5.1 na ndo nipo nayo mpaka leo. Ipo kwenye Windows tayari: CreateObject, Open, SetRequestHeader, Send, unasoma Status na ResponseText, kwisha.

Ninachoipendea zaidi ni SetTimeouts, unaipa milisekunde nne: kutafuta jina la seva, kuunganisha, kutuma, kusubiri jibu. Kwa intaneti ya modemu inayokatika katika bila hiyo keshia anabaki anakodolea skrini iliyoganda na mteja kasimama na fan belt mkononi. Ukitaka fomu isigande kabisa, tangaza objekti kwa WithEvents, Open iweke True, jibu litakuja lenyewe kwenye OnResponseFinished.

Kinachokera ni TLS, ule usimbaji ulio ndani ya HTTPS. Kwenye Windows 10 sijapata shida, ila Windows 7 WinHTTP yake haiwashi TLS 1.2 yenyewe na seva za siku hizi zinakukatia simu usoni, unaletewa error ya secure channel isiyoeleza kitu. Dawa ni apudeti ya KB3140245 pamoja na DefaultSecureProtocols kwenye rejistri, na kwenye kodi mimi naongeza Option(9) = 2048 ili ilazimike kutumia 1.2.

JSON nayo unaunga kwa mkono, & juu ya &. Apostrofi ya Ng'wandu, ambayo kwenye SQL (lugha ya database) ni balaa, huku haina neno, zinazovunja ni alama ya kunukuu yenye vistari viwili ("), bekslashi na mstari mpya, kwa hiyo pitisha kila jina kwenye Replace kwanza.

WinHttpRequest naipa nyota 4 kati ya 5. Ila kama mashine ni XP usijichoshe, TLS 1.2 kule WinHTTP haina, weka kaseva kadogo katikati kapokee HTTP ya ndani ya duka kapeleke HTTPS nje.